Sedekia na Majani Yaliyomtia Mkewe Wivu

Mwaka umetimia, mpendwa wetu Sedekia, tangu ututoke ghafla pale Ipyana, chai yako ikiwa bado ya moto mezani.

Ulikuwa mpole. Miaka kumi na minne ulizunguka toka Ngonga hadi Lyulilo ukichuma mimea ya ukoo mmoja tu, ile inayotoa utomvu mweupe, ukaipima maabara kutafuta alkaloidi, kemikali chungu zinazoweza kuwa dawa au sumu. Tone la kupimia likigeuka rangi ya chungwa, ishara kwamba zimo, ulipiga makofi kama mtoto.

Mkeo Tusekile hakupiga makofi. Alikuwa na wivu, na hatumsengenyi. Mwenyewe ametuambia tuandike. Aliyaonea wivu majani uliyoyaanika kivulini, ukayageuza kila asubuhi kabla hujamsalimu yeye. Zaidi alimwonea wivu Naomi, mwenzako wa kazini. Juu ya kila bahasha uliandika jina la aliyeuonyesha mmea, na Tusekile alisoma: Naomi, Matema. Naomi, Ngonga. Siku moja uvumilivu ukamshinda, akayamwaga majani juani pamoja na kakao. Kazi ya wiki tatu ikaharibika. Ulisema tu, "Ndaga, asante, mama Ikupa. Na kakao imekauka?" Hilo lilimuuma kuliko kofi.

Baada ya mazishi Naomi alikuja kuomba daftari lako, kazi isipotee. Tusekile akalificha kwenye debe la mchele.

"Hata marehemu anamtaka?" alisema. "Akatafute wake."

Juzi binti yenu Ikupa alilikuta, akamsomea mama yake ukurasa wa mwisho, uliouandika siku moja kabla hujafariki: "Mmea wa nyuma ya jiko, mbuzi wanaukwepa. Chungwa kali kuliko yote niliyowahi kupima. Aliyeuonyesha: Tusekile wangu." Kumbe Tusekile aliutaja akinung'unikia mbuzi tu, nawe ulisikia. Alilia mpaka wali ukaungua.

Naomi ameitwa, amepewa daftari. Lakini ukurasa ule umebaki kwetu, ameunakili hapahapa nyumbani, Tusekile amekaa mlangoni akimkodolea macho.

"Anza na jina langu," alimwambia. "Na majani nitachuma mwenyewe."

Unakumbukwa na mkeo Tusekile, binti yako Ikupa, kaka yako Lazaro, na ndugu wote wa Ipyana na ng'ambo Malawi. Siku zote u mioyoni mwetu.

Naomi naye ameomba jina lake liwemo. Tusekile amekubali, ila liwe la mwisho.

Naomi.