Kamba ya Kichwani

Kilburn, London
Novemba 10, 2024

Mpendwa kaka yangu Titus,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. U hali gani? Mgongo wa wifi Mkawasi unaendeleaje, na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Sisi hatujambo. Binti yangu Tatiana amenipita kwa urefu. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, kisha ananijibu kwa Kiingereza, na nikimkemea anacheka kicheko cha Mama kabisa.

Najua barua zangu mbili hukuzijibu. Hii ya tatu usiitupe kabla hujafika mwisho. Wewe mgumu, mimi king'ang'anizi. Sote tumemrithi mtu mmoja.

Unamkumbuka yule mzee Mskoti niliyekuwa nikimtunza, Murdo, yule wa kutia chumvi kwenye uji? Alifariki mwezi uliopita. Miaka sita nimemwogesha, nimemlisha, nimegombana naye kuhusu soksi. Alikuja London kijana, akafanya kazi ya reli mpaka akastaafu, lakini moyo aliuacha kijijini kwao, Auchterlorn. Usijaribu kulitamka, utajiuma ulimi.

Kila jioni alinitembeza kijiji hicho kwa maneno, nyumba baada ya nyumba kuanzia darajani: hapa kwa mhunzi, hapa kwa mwalimu, hapa kwa yule mama aliyefuga nyuki na kumchukia mchungaji. Mimi nakunja nguo, naitikia.

Basi tulimpeleka kuzikwa huko, mimi na Tatiana. Kaka, ni milima kama ya kwetu Taita, na ukungu ule ule wa Wundanyi, ila kondoo ni wengi kuliko watu. Zamani zilikuwa nyumba arobaini. Mwenye ardhi alitaka malisho, akawafukuza mababu zao, wengi wakapakiwa melini wasirudi tena. Vijana wa waliobaki wakaenda vitani. Kwenye jiwe la kumbukumbu nilihesabu majina kumi na saba, na matatu ni ya ndugu wa baba yake Murdo. Leo nyumba zinazofuka moshi ni kumi na moja. Shule imefungwa, kengele bado inaning'inia. Nami nilikuwa nazijua nyumba zote. Nilimwonyesha Tatiana kwa mhunzi kabla hatujakutana na mtu wa kumuuliza.

Sasa sikiliza desturi yao. Jeneza hushushwa kwa kamba nane, na kila kamba ina mwenyewe. Unapewa kadi ndogo yenye mchoro wa jeneza na namba yako. Namba moja, ya kichwani, ni ya mtoto wa marehemu. Murdo alikuwa na mtoto mmoja tu, Isla, aliye Australia. Yuko kwenye matibabu na daktari amemkataza kupanda ndege. Niliposoma kadi yangu nikakuta namba moja.

Nilikataa. Nilimfuata Elspeth, bibi wa miaka themanini aliyekuwa akiendesha posta yao, nikamwambia kuna kosa, mimi ni mfanyakazi tu.

"Isla mwenyewe ndiye aliyekutaja," akasema. "Watoto wetu wako mbali tangu enzi za babu zangu, binti. Hapa hatuulizi nani hakuja. Tunauliza nani atamshikia kamba."

Basi nikaishika. Elspeth naye alishika simu ili Isla aone, kwa mikono yote miwili katika baridi ile, na hakuishusha hata mara moja. Kamba ikapita polepole viganjani mwangu, nami nikamlilia mama yetu, Titus. Nililia vibaya. Watu walidhani namlilia Murdo, na hawakukosea, maana naye nilimpenda.

Siku ile ya kumzika Mama wewe ndiye uliyenishikia simu. Nilimwona mchungaji, nikaona kitambaa cha wifi, jeneza likainuliwa, kisha picha ikakatika. Iliporudi, watu walikuwa wanafukia. Jioni ukaniambia Mama kazikwa na majirani huku bintiye anatazama simu kama anatazama mpira. Neno hilo limenichoma miaka minne. Nami nilikutukana, nisamehe. Habari za pasipoti na watu wa uhamiaji walionizuia kusafiri nilikwisha kukueleza, sirudii.

Sitaki tubishane nani alikosa. Nakuomba kitu kimoja tu: niandikie ile dakika iliyokatika. Nani alisimama wapi, kama kulikuwa na manyunyu, kama jeneza lilishuka sawasawa au liligonga. Na aliyeshika kamba upande wa kichwani alikuwa nani.

Nisalimie wifi na watoto, na mjomba Mwakio mwambie redio yake naikumbuka. Mungu awafunike kwa blanketi lake, na zizi lenu lijae.

Ndani ya bahasha utaikuta ile kadi ya namba moja. Nadhani jibu nalijua. Kama ni wewe, uliyeiweka simu chini ili uishike, basi siku ile ulishika kamba yako na yangu, na miaka yote hii sijakushukuru. Kadi hiyo ni yako, kaka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininyamazia,

Wakesho