Shemeji Aliugua kwa Niaba ya Mume Wangu

Mpendwa Bi Lorna,

Nisaidie kabla ya Ijumaa, na tafadhali usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua, maana hata mimi nimejizuia. Mimi ni mke wa Glenn, yule aliyekuwa na bucha hapa Wangaratta miaka ishirini na saba, na kama umewahi kupita mjini kwetu Jumamosi huenda ulikula soseji zake. Glenn ana miaka hamsini na saba. Miaka mitatu iliyopita aliuza paja moja la kondoo kwa wateja watatu, wote wakaja kulichukua mkesha wa Krismasi, tukacheka, tukasema uzee unapiga hodi mapema. Kisha akaanza kuweka miwani kwenye friji na kumpigia simu mama yake ambaye tulishamzika, na hapo hatukucheka tena. Daktari wa ubongo akasema ni dimensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba hauchagui wazee peke yao.

Sasa Bi Lorna, kuna ule mfuko wa serikali wa watu wenye ulemavu, na watu wakaniambia Glenn aombe kwa kuwa hajafika sitini na mitano, apate mtu wa kukaa naye ili mimi niende kazini kwangu maktaba bila kuacha roho nyumbani. Nikajaza fomu. Kosa langu ni kwamba niliijaza mezani na Glenn mwenyewe kasimama nyuma ya bega langu. Nasoma, "Anaweza kuoga?" Anajibu, "Naweza!" Nasoma, "Anaweza kupika?" Anajibu, "Mimi? Mtu wa bucha? Andika anaweza sana." Basi nikaandika anaweza sana. Ombi likakataliwa, na ukisoma majibu niliyoandika utaona mume wangu anajiweza kuliko mimi.

Nikaomba uamuzi uangaliwe upya, tukapangiwa mtaalamu, dada mmoja anaitwa Thuy, aje nyumbani amtazame Glenn akifanya shughuli za kila siku. Hapo ndipo shetani aliponipata. Maana Glenn akija mgeni anang'aa, anavuta kiti, anasifia viatu vyako, anakutajia wafungaji wote wa fainali ya mpira ya mwaka themanini na tisa, na mgeni akishafunga mlango tu ananiuliza mimi ni nani na nimekalia kiti cha mkewe kwa ruhusa ya nani. Nikajua Thuy atamkuta Glenn wa wageni na tutanyimwa tena.

Nikamweleza shemeji yangu Russell. Amepishana na Glenn mwaka mmoja, wamefanana kama mayai ya kuku mmoja, na yumo kwenye kikundi cha maigizo cha mji, ambako mpaka sasa nafasi kubwa aliyowahi kupewa ni miguu ya nyuma ya farasi.

"Niachie mimi, shemeji," akasema. "Nitakuwa Glenn. Tena Glenn wa siku mbaya."

"Russell, si dhambi hiyo?"

"Dhambi gani? Ugonjwa si upo? Tunabadilisha mgonjwa tu."

Siku ikafika. Jirani akamchukua Glenn wakanunue chambo, kisha waende mtoni kuvua. Saa nne asubuhi Thuy huyo, amekaa sebuleni kwangu na daftari, na mbele yake Russell kavaa shati la kulalia miguuni kama suruali, kichwani kofia ya buli, ile ya kufunikia chai isipoe, anakula biskuti za mbwa. Bi Lorna, mimi nilimwambia asahau ni siku gani, basi. Biskuti za mbwa kajitungia mwenyewe.

Thuy akamuuliza kwa upole, "Glenn, leo ni siku gani?"

Russell akabweka.

Nilitamani ardhi ipasuke. Thuy akaandika kitu kifupi mno.

Mara mlango wa nyuma ukafunguka, Glenn huyo! Kumbe alisahau kwamba alikwenda dukani na mtu, akamwacha jirani kwenye foleni na chambo mkononi, akarudi kwa miguu mwendo wa nusu saa, kiatu kimoja. Akasimama akamtazama ndugu yake kuanzia kofia mpaka shati. "We Russell, una nini?" Na Russell, badala ya kunyamaza, akabweka tena.

Glenn akamgeukia Thuy, uso umejaa huruma. "Dada, wewe daktari? Hebu mwangalie huyu mdogo wangu, kachanganyikiwa. Ngoja nikuchemshie chai tuzungumze vizuri."

Akaingia jikoni, sisi nyuma yake. Akachukua birika la umeme, lile la plastiki, akalitua juu ya jiko la gesi na kuwasha. Plastiki ikaanza kuchuruzika kama uji, moshi ukajaa, naye akasimama tu anatazama. Kisha akanigeukia mimi, mimi niliyeishi naye miaka thelathini, akaniuliza kwa adabu ile ya dukani, "Samahani mama, umemwona Raelene? Yeye ndiye anayejua mambo haya."

Thuy akazima gesi, akafungua madirisha. Russell akavua kofia ya buli na kuikumbatia kifuani kama yuko msibani. Thuy akatutazama wote, akasema, "Nimeona nilichokuja kuona. Ila siandiki ripoti mpaka nijue huyu bwana anayebweka ni nani. Raelene, nipigie kabla ya Ijumaa. Na uniandikie yote ambayo Glenn hawezi tena."

Russell anasema tukomae, niseme yeye ni binamu na ni mgonjwa kweli. Tena ameniuliza kama naye anaweza kuomba. Mimi nataka kusema ukweli lakini naogopa Glenn atalipia ujinga wangu. Halafu kuna hili la kuandika, Bi Lorna, hili ndilo linaloniliza. Kila nikishika kalamu naona kama namvua nguo mume wangu katikati ya soko. Nifanye nini?

Raelene, Wangaratta


Raelene,

Nilikupigia simu siku ileile barua yako iliponifikia, maana gazeti letu hutoka Jumamosi na Ijumaa yako isingelisubiri. Umeniruhusu wasomaji nao wasikie nilichokuambia.

Pole. Pole ya kutoka moyoni. Kuulizwa uko wapi na mtu anayekutazama usoni ni msiba usio na maziko, na hakuna anayekuletea chakula.

Pole imekwisha, sasa nikuseme. Ulikuwa na mgonjwa halisi, na kila kinachomhusu kinaonekana kwa macho, ukaona umfiche na kumkodi mwigizaji! Wagonjwa wa dimensia hawabweki, mama. Lile igizo lingefaulu, ripoti ingemwelezea Russell, na msaada ungekuja kwa mahitaji ya Russell. Glenn angeletewa nini, mnyororo?

Mpigie Thuy leo, siyo kesho. Mwambie yule ni shemeji yako, wewe ndiye uliyepanga, na ulifanya kwa hofu. Kisha nyamaza. Usimtie binamu humo ndani. Uongo ukipewa binamu utazaa hadi wajukuu.

Kuhusu kalamu. Nguo alivuliwa na ugonjwa, si wewe. Wewe unamtafutia shuka. Fomu haiulizi Glenn ni mtu wa namna gani, hilo tunalijua sisi tuliokula soseji zake. Inauliza anahitaji mkono wa mtu wapi, na mara ngapi. Nunua daftari. Wiki mbili, kila siku, andika kilichotokea, nani alimsaidia, na ingekuwaje kama asingekuwepo mtu. Andika Glenn akiwa hayupo chumbani, umenisikia? Na acha kuandika "anaoga mwenyewe" wakati wewe ndiye unayefungua maji, unampa sabuni, na kumkumbusha atoke. Huko si kuoga mwenyewe. Mrudie yule daktari wa ubongo, mwombe barua inayosema hali hii haitaondoka na imemzuia kufanya nini, maana jina la ugonjwa peke yake halimwoshi mtu. Wakikataa tena, kuna baraza la rufaa, na wapo watu wa kukusaidia kufika huko bila malipo, ulizia. Lakini usikae mpaka afike sitini na mitano, mlango huu wa kuombea hufungwa hapo.

Kabla hujala chakula cha jioni, mwite fundi afunge gesi. Na Russell, kwa kuwa ana muda mwingi hivi, kila Jumapili ampeleke kaka yake mtoni akavue samaki. Akiwa Russell. Na suruali yake.

Lorna


Baada ya wiki tisa Raelene aliniandikia tena, naye kakubali nimalizie kwa maneno yake:

"Nilimpigia Thuy, nikasema yote kwa pumzi moja. Kisha akasema alijua tangu mbweko wa kwanza, ila amekuwa akifanya kazi hii miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kumbwekea, akataka kuona tutafika wapi. Akacheka, kisha akanisema vibaya kuliko wewe. Ripoti aliandika ya Glenn peke yake, na daftari langu likaambatanishwa. Nililia nikiliandika, nikalia nikilituma, na kesho yake nikalala saa kumi mfululizo.

Tumekubaliwa. Jumanne na Alhamisi anakuja Sione, bwana kutoka visiwa vya Tonga mwenye mabega kama mlango wa friji, wanatembea pamoja kando ya mto na mimi nakuwa maktaba. Siku ya kwanza nilirudi nikiwa na wasiwasi Glenn atakuwa amemfukuza, kwa kuwa akisikia neno 'mgonjwa' anawaka. Nikamkuta amekaa kibarazani, amechoka, ameridhika.

'Umeshindaje?' nikamuuliza.

Akaniashiria nisogee, akanong'ona. 'Yule jamaa mkubwa, maskini, nadhani kichwa chake hakiko sawa. Kila tukifika njia panda ananiuliza mimi twende wapi. Nimemshika mkono mpaka nyumbani. Mwambie Alhamisi aje tena, siwezi kumtupa.'"