Kitanda cha Ndani ya Gari

Mama,

Gari imeisha. Iko inje, karibu na ukuta, pale ulikuwa unaanika maharagi. Nimetoka kuifunga sasa hivi, funguo iko hapa mezani mbele yangu. Kitanda kiko ndani, matela ya kulalia iko, pazia iko, na kale kadirisha ka upande wa kushoto. Bido, ile dumu ya maji, imefungwa nyuma ya mulango isicheze njiani. Nakuambia ya gari kwanza kwa sababu ile ingine inanishinda kusema.

Unajua namna ilianza. Tangu siku uliteleza ku mawe ya mbele ya mulango, kiuno kilikataa. Kusimama na fimbo uliweza, kulala uliweza, lakini kukaa, hata mbele ya sahani ya bugali, ilikuwa mateso. Na kitu kimoja tu ndio uliomba, wewe mutu asiyeomba. Ufike Kiwanja, kule karibu na Rutshuru, ulale kwa mama mukubwa Agnesi. Ulisema, "Usiku moja tu, tuongee mpaka usingizi utushinde, kama zamani kwa baba yetu." Dada yako, mulilala kitanda kimoja mpaka mukaolewa, na miaka yote hii munasikilizana ku telefone tu. Barabara ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Sasa ilikuwa wazi, na hakuna mutu angejua ni kwa muda gani. Bisi zilikuwa zinaenda. Lakini bisi ni viti.

Ni mie nilileta wazo, mama, hilo ni kweli na naomba unihesabie. Nilikuwa na hii minibus yangu ya katkat, inavuta na miguu yote ine, ile inaniletea viazi na mashu, zile kabichi, kutoka Kibumba. Nikawaza: nikitoa viti vya nyuma, niweke kitanda cha nguvu, nibadilishe amortiseri gari isiruke ku mashimo, mama atasafiri amelala. Nyumba ya mama mukubwa imejaa watu waliokimbia vita, mpaka jikoni wanalala. Basi gari ndiyo itakuwa chumba chenu. Na kwa miguu yote ine, itapanda ule mulima wa matope mpaka mbele ya mulango wake.

Nikaenda kwa Kasereka, fundi wa mbao wa Keshero. Akaita mwenzake wa kusude, wa kuunga vyuma. Wakazunguka gari, wakaingia, wakatoka, wakanitajia bei. Nikamuomba Kasereka airudie.

Bibi yangu, mama ya Neema wetu, hakukataa, usimuwekee hilo. Aliuliza tu, "Ni ya safari moja ao ni ya kila siku? Kama ni moja, tukodi ambulansi." Nikamuambia ambulansi haitangoja watu wawili wapige hadithi usiku muzima. Akacheka, akasema ni kweli, lakini macho yake yaliangalia paa letu linalovuja. Rafiki yangu Jado, tunaendesha naye njia moja, yeye alinichekea mbele ya mashofere wote: "Papa Neema anajenga oteli ya miguu ine. Viazi vitalala ku matela, sisi ku mawe." Nilicheka pamoja nao. Ila alikuwa na haki. Na kitanda ndani, ningebeba nusu ya muzigo, na ule muzigo ndio ulikuwa unatulisha, wewe pia.

Basi nilisema nitafikiri. Na nilifikiri, mama, wee. Nilifikiri Kibumba wakipakia, nilifikiri ku bariere nikingoja wafungue njia, nilifikiri kanisani padri akihubiri. Leo naona inastahili, kesho naona ni bure. Na kuna kitu nilifikiri ambacho sijamuambia mutu. Nilisema moyoni: na kama tukienda mara moja, kisha mama akufe, mie nitafanyia nini kitanda ndani ya gari? Nilikuwa nimekaa nyuma ya usukani, mvua inapiga, na hilo likapita kichwani bila kuona haya.

Kasereka akaniambia hawezi kutaja bei ya mwisho bila kupima mutu mwenyewe. Kitanda cha mugonjwa wa kiuno ndani ya gari lazima kimushike, asisukumwe kila kona. Nikamuambia akuje nyumbani apime, lakini asikuambie kitu. Sikutaka kukuahidi safari ambayo labda nitaikataa. Nilijiita mutu wa huruma juu ya hilo.

Ilikuwa mangaribi moja ya mvua, ulikuwa umelala na mulango wazi. Tuliingia. Kasereka alikusalimia, ukamuuliza hali ya watoto wake. Kisha akatoa metre mufukoni, akakupima toka kichwa mpaka ku vidole vya miguu, kisha mabega.

Kasereka ndiye alitengeneza sanduku la kumuzika papa. Ulikuwa umesimama kando yake akipigilia misumari, ulimupelekea chai. Mama, nilisahau. Naapa nilisahau. Kwangu siku ile alikuwa fundi wa vitanda tu. Mafundi wote wa mbao hapa Goma wanafanya vyote viwili, mutoto mudogo anajua, na mie nilimuleta mbele ya kitanda chako na metre mukononi, nikanyamaza.

Haukuuliza kitu. Wewe, mama wa kuuliza bei ya kila kitu. Uliuliza bei ya chumvi ya jirani, uliuliza padri viatu vyake vilitoka ngapi, mpaka tukaona haya. Siku ile ulinyoosha kitenge, ukaweka miguu pamoja, mikono ku tumbo, ukaangalia mabati. Ukasema tu, "Pimeni vizuri, musirudie mara ya pili."

Tulitoka tukicheka. Nikamuambia Kasereka, mama bado ana kichwa kikali.

Kisha siku zikapita na mie naendelea kufikiri. Ulimupa bibi yangu kile kitenge chako cha kanisani, chenye ndege wa kijani. Nikasema ni wema. Uliomba telefone, ukaongea na mama mukubwa mpaka unite za kupigia zikaisha, na toka hapo haukutaja Kiwanja tena. Hata mara moja. Na mie, mama, hapa ndipo penyewe, nilifurahi. Nilisema, mama ameiacha ile mambo, mwenyewe, bila mie kumukatalia. Nikamupigia Kasereka nikamuambia angoje kwanza.

Siku ile ulitutoka, niliitwa nikiwa Kibumba, mashu imefika nusu ya gari. Niliimwaga pale pale ku barabara, nikashuka Goma. Nilipofika, wamama walikuwa tayari nyumbani, na Kasereka amesimama ku mulango, kofia mukononi. Nikamuambia aingie akupime. Aliangalia chini. "Haina lazima, Papa Neema. Vipimo niko navyo."

Hapo ndipo nilikumbuka ni nani alitengeneza sanduku la papa.

Lakini hata hapo nilijitetea. Nilisema, labda mama hakuelewa hivyo, labda aliwaza ni kitanda kipya cha chumba. Ni Mama Zawadi alinitoa huo uongo. Ku matanga alikuja akakaa kando yangu, jirani yako ya miaka yote, yeye ndiye alikuosha. Alitaka kunifariji. Akaniambia haukuwa na woga, ulikuwa umejitayarisha. Kwamba ulimuambia, siku tulipotoka kukupima, "Mutoto wangu ameniletea fundi mapema. Ni mutoto wa mipango." Akaongeza, polepole, "Hakukasirika, Papa Neema." Mama, ningependa ungekasirika. Ungenitupia ile fimbo.

Kwa sababu sasa narudia kichwani kila asubuhi ile. Naingia na chai yako, nakuuliza umelalaje, unajibu muzuri, mwanangu. Wewe ulikuwa unaona mutu anakuja kuangalia kama bado unapumua. Na ulinishukuru kwa chai. Ungeniuliza neno moja tu ningekuambia yote. Lakini si wewe ulipaswa kuuliza. Ni mie nilikuwa na mudomo.

Kisha ya kukuzika nilitengeneza gari. Hesabu ile ile iliyonishinda ukiwa muzima, sikuifanya tena. Bibi yangu alinitazama nikitoa viti, kisha akashona pazia. Jado alileta matela ku bega lake, na hakuchekesha mutu. Kasereka aliniomba arefushe kitanda kidogo, kifae mutu yeyote. Nilikataa. Kiko kwa vipimo vyako. Nililala ndani siku moja mangaribi, miguu yangu ikagonga ubao. Kale kadirisha nilikateremsha mpaka sawa na macho ya mutu amelala, ungeona milima yote mpaka Rutshuru bila kuinua kichwa.

Na watu wananisifu. Hapo ndipo kosa lingine. Kanisani walisema, muone mutoto, mama yake alikuwa mugonjwa akamujengea chumba ndani ya gari, bahati mubaya tu kifo kikatangulia. Wakaniombea. Na mie niliinamisha kichwa, nikasema amina.

Kuna shofere moja kutoka Rutshuru alikuja kuiangalia, naye ana baba mugonjwa wa mugongo. Aliniuliza kama inastahili ile pesa yote. Nikamuambia ndiyo. Hata kwa safari moja. Hata kama mugonjwa angesema mugeuze gari mukifika Kibumba, amechoka. Nikamuambia pia, kabla ya yote amuambie baba yake. Alidhani ninaongea mambo ya adabu.

Juma iliyopita mama mukubwa Agnesi alipiga telefone. Anataka kuja kuona pale umelala. Yeye pia sasa kukaa ku bisi hawezi, magoti yamevimba. Nikamuambia asiogope, niko na gari yenye kitanda, nitakuja kumuchukua mbele ya mulango. Akasema pale pale, hata sijamaliza, "Na ilitoka bei gani?"

Mama, nilitoa telefone ku sikio. Ilikuwa sauti yako kabisa. Nikamuambia bei, yote, bila kukata. Akashangaa kidogo. Kisha akaniuliza, "Na dada yangu alikijua, hicho kitanda?"

Nikasema rezo ni mubaya, sisikii. Nikakata. Rezo ilikuwa muzuri.

Ndiyo maana nakuandikia leo. Kesho asubuhi naenda Kiwanja. Mulango wa gari sitaufungua kwanza. Nitasimama mbele yake, pale kwenye matope, nimuambie ulipimwa na haukuambiwa, na ulichofikiri, na kwamba nilifurahi uliponyamaza. Nimuambie mbele ya kupanda, si njiani, ili akitaka kukataa akatae. Akikataa, nitarudi na kitanda kitupu, na atakuwa na haki. Akikubali, nitaendesha polepole mpaka kwako, na nitamuacha kwanza peke yake na wewe, muongee yenu. Nikirudi nitamuambia bibi yangu, na Jumapili nitawaambia wale wa kanisani warudishe sifa zao.

Lala muzuri, mama. Sikuombi unisamehe leo, bado sijafanya kitu. Nilikuwa nataka tu wewe ndiye usikie wa kwanza, safari hii.

Dada yako akiniuliza tena, nitajibu.

Mutoto wako,
Bahati