Kwa Bi Mdogo wa Jadida, Kuhusu Spika za Honi

Mpendwa mke mwenzangu Rukia,

Watu wakiandika barua za namna hii huwaandikia mama zao au waume zao. Sijaona aliyemwandikia mke mwenza. Labda yupo. Mimi nakuandikia kwa sababu kuna mambo ya spika ambayo hapa Mkoani sina mwingine wa kuzungumza naye, na kwa sababu tangu uondoke duniani watu wameniambia maneno ya ajabu.

Nianze na spika. Faki, mume wetu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi umeme bandarini. Alizipata zote mbili Wete, kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa ikifunga ghala lake. Zilitoka katika jumba la sinema lililokufa zamani. Unajua zilivyo: makabati mazito ya mbao, na mbele mdomo wa honi uliopanuka kama ua la boga. Wageni walikuwa wakiuliza kama ni samani. Miaka ile nilipokuwa peke yangu naye, zote mbili zilikaa ukumbini kwangu. Kisha akakuoa weye.

Alikuja kuichukua moja mchana, na wachukuzi wawili wa bandarini. Alisimama mlangoni akaniambia, "Bi Mkubwa, uadilifu." Neno hilo moja tu. Nikasogeza kiti kuwapisha. Spika ikapanda gari kwenda kwako Jadida, ukuta wangu ukabaki na alama nyeupe pale ilipokuwa imeegemea.

Ila amplifaya ilikuwa moja, na haikugawika. Ile ndogo ya valvu, na vioo vyake vilivyowaka rangi ya chungwa. Ikawa inasafiri naye. Zamu yangu ikija, nayo inakuja; zamu yako ikija, inakwenda, ndani ya kikapu cha ukili, imezungushiwa kanga isigongwe. Ikitoka kwangu imefungwa kanga yangu, ikirudi imefungwa yako. Mimi nilikuwa nikiikunja kanga yako bila kusoma kilichoandikwa, na kuirudisha kikapuni. Baadaye sana uliniambia kwamba na weye uliikunja yangu hivyo hivyo, ila ulikuwa ukiisoma kwanza.

Miaka yote ile tulizungumza mazikoni na harusini tu. "Shikamoo Bi Mkubwa." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." Basi, kila mtu na mkeka wake. Nilijua kwamba unasomesha fizikia sekondari, kwamba unavaa miwani, na kwamba huna mtoto. Mengine niliyajaza mwenyewe. Kila alipoondoka na kikapu kile niliwaona kichwani mwangu: mumekaa Jadida, taarabu inapigwa, anakueleza maana ya maneno kama alivyokuwa akinieleza mimi. Picha hiyo niliishi nayo mpaka nikaizoea, kama mtu anavyozoea jiwe kwenye mchele.

Faki alipofariki tulikaa eda, kila mmoja nyumbani kwake. Nilipotoka, shemeji yetu alikuwa ameshasafisha kibanda cha kazi cha ndugu yake, na amplifaya ilikwishakwenda na mnunuzi wa vyuma chakavu. Machoni mwake ilikuwa chuma kizito chenye vioo. Sikumlaumu. Nilibaki na kabati la mbao lenye mdomo lisiloweza kusema.

Mkwe wangu Haji, aliyemuoa binti yangu Salma, anapiga muziki harusini. Aliniona nikilifuta vumbi kabati lile akanihurumia. "Mama, hilo nakupa mashine leo hii." Akaleta amplifaya yake ya akiba, pana kama sinia la pilau, yenye wati mia kadhaa na feni nyuma. Akaunga nyaya, akawasha.

Kabla hajapiga chochote, honi ilianza kuchemka. Shhhhh, kama samaki anapoingia kwenye mafuta. Chini yake kulikuwa na mngurumo, mmmmm, ambao niliusikia mpaka kwenye meno. Haji akaweka kanda, akagusa kitufe cha sauti, akakigusa tu, na mwimbaji akapiga ukelele kama mtu aliyekanyagwa. Jirani akachungulia dirishani kuuliza harusi ya nani.

"Spika imechoka, Mama," akasema Haji. "Au inataka mashine kubwa zaidi."

Niliishi na mashine ile kwa muda. Nikiwasha, inachemka. Nikipunguza sauti, mwimbaji anapotea na mchemko unabaki. Nikaacha kuwasha. Siku moja nikaomba namba yako kwa shemeji, nikakupigia. Haikuwa kwa mapenzi, nawe ulijua. Nilitaka kujua kama na ya kwako inachemka.

Ukauliza, "Bi Mkubwa, umeiunga na mashine gani?"

Nikakwambia.

"Usiiwashe tena. Utaiunguza. Nakuja."

Ulikuja siku ya pili na mkoba wa vifaa na kipande cha halua ya Wete. Sikumbuki kama nilikukaribisha vizuri. Nakumbuka ulivua viatu, ukapiga magoti mbele ya spika na baibui lako jeusi, ukaingiza kichwa ndani ya honi kama mtu anayemsikiliza mgonjwa kifuani. Kisha ukakaa juu ya jamvi ukaanza kunieleza, kwa sauti ile ya mwalimu asiyetaka mwanafunzi wake ajione mjinga.

"Spika za siku hizi ni nzito, Bi Mkubwa. Zinakula nguvu nyingi ndio zitoe sauti. Mashine ya Haji imeundiwa hizo. Hino honi ni nyepesi. Ukiipa wati moja inakujazia ukumbi. Sasa wati mia utazipeleka wapi? Unakigusa kitufe mwanzo mwanzo tu, basi, inatosha, inazidi. Na kila mashine ina kelele yake ya ndani, hata ikiwa haipigi kitu. Spika nzito haziisikii. Honi inaisikia yote, inaitangaza."

"Kwa hiyo spika haijachoka?"

"Spika nzima. Imepewa mashine isiyo yake."

Kwanza ulijaribu kuisaidia mashine ileile. Ulifunga rezista kubwa mbili kati yake na honi, za kuipunguza nguvu njiani. Mchemko ukashuka, na kitufe kikapata pa kuzungukia. Nilidhani tumemaliza. Weye ulisikiliza, ukatikisa kichwa. Ulisema sauti imekosa uhai, na kwamba kuzalisha nguvu nyingi ili uichome kwenye rezista ni kazi ya kipumbavu. Ulikuwa mkali kwenye mambo haya. Haji alikuwapo, akacheka, nawe hukucheka.

Safari ya pili ulikuja na kibao kimoja cha amplifaya, kidogo kuliko kiganja changu. Haji alikitizama akasema hicho kitapiga simu ya mkononi labda. Ulikiunga na chaja ya umeme, na mngurumo ukarudi, mdogo lakini upo. Ukauliza, "Haji, betri ya pikipiki yako iko wapi?" Akaifungua huku ananung'unika. Ukaunga kibao kwenye betri, ukaunga honi, ukarudi kukaa.

Pakawa kimya. Nilisikia kuku uani.

"Hakijawaka," nikasema.

"Kimewaka."

"Mbona hakichemki?"

"Ndivyo inavyotakiwa."

Ukaweka kanda ya Faki, ile aliyoifunga kwa utepe mwekundu. Kabla ya udi kulia nilisikia vidole vya mpigaji vikijipanga juu ya nyuzi. Kisha mwimbaji akavuta pumzi. Nilikuwa nimeisikia kanda ile mara nyingi mno, na bado niligeuka kutizama nani ameingia. Haji aliacha kunung'unika. Aliuliza tu, kwa upole, kile kibao kina wati ngapi, nawe ukamwambia ni tano, na hapa tunatumia chini ya moja.

Haji alipotuacha ndipo nilipokuuliza. Nilikuwa nimelibeba swali lile muda mrefu mno, likatoka bila kujipamba. Nilikuuliza kama huko Jadida Faki alikuwa akipiga kanda hii, au alikuwa na nyingine za kwako.

Ulivua miwani ukaifuta kwa mtandio.

"Kwangu mashine ilikuwa haipigi," ukasema.

"Vipi haipigi?"

"Ilikuwa ikifika inawekwa mezani inafunguliwa matumbo. Leo valvu, kesho transfoma. Ile transfoma aliizungusha upya mezani kwangu, nyaya nikimshikia mimi, ili ilingane na honi. Alikuwa akisema lazima iwe tayari kabla ya kurudi Mkoani. Kisha analala." Ukavaa miwani. "Honi yangu niliisikia akiijaribu. Moja, mbili, tatu. Honi yako ndiyo iliyokuwa ikipigiwa nyimbo. Miye nilidhani unajua."

Sikujua. Nilikuwa nimekuhusudu kwa nyimbo ambazo hazikupigwa, nawe, ulivyoniambia baadaye, ulinihusudu kwa zilizopigwa. Sikukukumbatia. Sisi hatukuwa watu wa kukumbatiana. Niliinuka nikaenda kuchemsha kahawa, nikakaa jikoni muda mrefu kuliko kahawa inavyotaka, na niliporudi ulikuwa umegeuza kanda upande wa pili.

Haukupita mwezi ukaileta honi yako kwa gari. Wachukuzi wakaiingiza, tukabishana mahali pa kuiweka. Ulinilazimisha nihamishe kabati langu la vyombo vya harusi, kabati ambalo hata Faki hakuthubutu kuligusa. Honi yako ilikuwa hafifu kuliko yangu, imekaa kwenye unyevu, ukaisawazisha kwa rezista moja kwenye yangu mpaka mwimbaji akasimama katikati ya ukumbi, hayuko kulia wala kushoto. Ulinikalisha mahali hasa pa kukaa, ukanisogeza bega kwa mikono miwili. "Hapo. Usiondoke."

Baada ya hapo ulikuwa ukija kila Ijumaa baada ya masomo na kulala mpaka Jumamosi. Tulikula muhogo na papa mkavu, tukasikiliza. Hatukumzungumzia Faki sana. Mara nyingi hatukuzungumza kabisa. Majirani walisema tumerogana. Salma aliniuliza mnafanya nini mule ndani, nikamwambia tunasikiliza, akasubiri jibu la pili.

Ulipoanza kuvimba miguu ulisema ni kusimama darasani. Ulipopunguza kuja ulisema ni mitihani ya watoto. Mara ya mwisho ulipanda ngazi yangu ukipumzika kila hatua, na hukutaka nikushike. Ulikagua nyaya, ukanionesha namna ya kuichaji betri bila kuiua, ukanifanya niirudie mbele yako kama mwanafunzi. Nikakuuliza haraka ya nini. "Ili usinipigie simu kila siku," ukasema. Siku chache baadaye walikushusha bandarini hapa kukupeleka Unguja, hospitali. Nilikuja kukuona kabla hamjapanda boti. Ulikuwa umelala kwenye kiti cha nyuma cha gari ya kaka yako. Nikakwambia nitakuombea dua. Ukasema, "Na uifunike honi yangu, chumvi ya hapa inakula waya." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, na sina la kuyaongezea.

Kaka yako alinipigia simu asubuhi. Nilimshukuru, nikakata. Jirani aliposikia akaniambia, "Haya tena, umebaki peke yako," kwa sauti ya mtu anayepongeza. Mwingine aliniuliza kama sasa nitalala vizuri. Hakuna aliyenipa mkono wa pole. Ukifiwa na mume unakaa eda, watu wanakuja, wanajua la kusema. Ukifiwa na mke mwenza, watu wanakutizama usoni waone kama unacheka.

Nilikwenda Jadida. Kabla sijaingia kwa wanawake nilimwita kaka yako pembeni nikamwambia kwamba spika ya marehemu iko kwangu na ni mirathi yenu, waseme lini waje kuichukua. Alikuwa amechoka. "Bi Mkubwa," akasema, "sisi hatujui hata inawashwa vipi. Alisema ikae kwako. Tumekubali sote." Basi iko pale pale ulipoiweka, nimeifunika kitambaa, na betri naichaji ulivyonifunza. Haji ameshaniomba mara mbili nimwoneshe namna ya kuunga. Nimeunga mimi, yeye akatizama.

Ndani kwa wanawake palijaa. Hitima ilikuwa inasomwa, wafiwa wamekaa ukutani upande wa ndani, wageni upande wa mlangoni. Nilikaa mlangoni, kwa wageni, karibu na viatu. Mama mmoja wa Jadida asiyenijua, mtu mzima, aliniinamia akaninong'oneza, "Umetoka mbali mwanangu? Nani wako marehemu?"

Nilifungua mdomo kusema mke mwenza, na niliona tayari namna atakavyonitizama. Nikatafuta neno jingine. Dada hukuwa. Rafiki ni neno la watoto. Na machozi, ambayo hayakunijia bandarini wala kwenye simu, yakanijia pale, mbele ya watu, bila heshima yoyote.

"Miye mfiwa," nikamwambia.

Hakuuliza zaidi. Alinishika mkono, akaniinua, akanipitisha katikati ya wasomaji mpaka ukutani, akawaambia jamaa zako wasogee. Wakasogea. Nikakaa.

Mungu akulaze mahali pema, Rukia. Mimi bado nipo.

Mke mwenzio,
Mkoani