Nakohoa Mkate Ukiiva

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba pia barua hii uitoe gazetini tu, usiisome redioni, kwa sababu redio ya pale kazini huwa wazi kutwa nzima, lakini gazeti baba yangu husoma ukurasa wa michezo peke yake, kurasa nyingine tunafutia vioo. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwaka jana, na nina ulimi mzito. Shuleni nikijua jibu nilikuwa nainua kidole nusu, mwalimu akinitazama nakishusha na kujifanya najikuna sikio.

Baba ni mwoka mikate. Yuko katika bekari ileile tangu kabla sijazaliwa, na kila mtu pale anamwita Sikio, hata bosi, kwa sababu baba hupima mkate kwa kuusikiliza. Sijui kama umewahi kuusikiliza mkate, Mshauri. Ukitoka tanurini, ganda lake likikutana na hewa ya nje linaanza kupasuka vipasuko vidogo sana, ti, ti, ti-ti, sauti nyembamba kama mtu anakanyaga majani makavu chumba cha pili, na baba husema mkate unaimba. Kila mkupuo anatoa mkate mmoja wa katikati, anaugonga chini kwa kifundo cha kidole, anauweka karibu na sikio na kufumba macho. Ukiimba kwa haraka na kwa wingi, trei zote zinatoka. Ukisitasita, anaurudisha na kusubiri dakika mbili.

Wiki moja baada ya mtihani wa mwisho baba aliniambia niache kulala mpaka jua liwe utosini, niende naye kazini. Nilidhani anataka kunitia adabu. Kufika, nikakuta kigoda cha pili kando ya kigoda chake, akasema, "Kaa hapa. Kazi yetu mimi na wewe ni kunyamaza." Na kweli, mkupuo wa kwanza ukishatoka, kabla wafungashaji hawajaingia, tunakaa dakika kumi bila neno, tumefumba macho, tunasikiliza mikate mia mbili ikiimba mpaka wa mwisho unyamaze. Mwanzoni nilikuwa nawaza matokeo ya mtihani, nawaza wenzangu wamefika wapi, lakini siku zilivyoenda mawazo yakawa yanachoka yenyewe na kukaa chini, kama watoto. Siku moja nilisikia redioni kwamba kuna watu hufundishwa na wataalamu namna ya kukaa kimya na kuhesabu pumzi ili roho itulie, nikacheka peke yangu, kwa sababu sisi tulikuwa tunafanya hivyohivyo, ila tunahesabu mikate. Halafu baba anakata kichwa cha mkate wa kwanza, ananipa na chai kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi, siagi inayeyuka kabla sijaumega. Watu husema furaha huijui mpaka iondoke. Mimi naijua ikiwa bado mdomoni.

Sasa nikuambie dhambi yangu. Mwezi wa pili wa kazi, asubuhi moja, baba aliuweka mkate sikioni, nao ulikuwa unaimba mpaka mimi nikausikia kutoka kwenye kigoda, lakini yeye akasema, "Bado," akaendelea kusubiri. Nilitaka kusema, "Baba, umeiva." Lakini mimi ni nani nimfundishe Sikio? Neno lilinikwama kooni nikakohoa. Baba akafumbua macho, akanitazama, akatoa trei zote. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Mazungumzo anasikia, mlango anasikia, hata mimi nikikohoa anasikia, ila ile sauti nyembamba ya mkate imemtoka. Na mimi nimekuwa nakohoa kila mkupuo, mkate ukiiva, miezi minane sasa, yeye akidhani ni sikio lake.

Mama amenichemshia tangawizi mpaka nguo zangu zinanuka tangawizi. Dada anayefungasha mikate, ambaye hamwachi mtu salama, alinicheka mbele ya wote: "Wewe mtoto, hicho kikohozi chako kina saa! Hakijawahi kuchelewa hata siku moja!" Watu wakacheka, baba akacheka pia, akaendelea kupakaza trei mafuta. Yeye peke yake hajawahi kuniuliza nina nini.

Mwezi uliopita nilipata mafua ya kweli. Nikakohoa palepale mikate ilipoingia, haijamaliza hata robo ya muda wake, na baba akafungua tanuri akatoa trei mbili nzima. Mikate ilikuwa imepauka kama karatasi, katikati inavutika kama gundi. Bosi akaja mbio, "Sikio, leo vipi?" Baba akasema, "Nimekosea, bosi. Uzee." Nilitamani ardhi ipasuke. Jioni yake nilikuta baba ameniwekea chupa ya dawa ya kikohozi juu ya mto wangu pamoja na kijiko.

Shida yenyewe ni hii. Bosi ananunua tanuri jipya lenye vinasa sauti ndani, mashine inayojifunza kusikiliza mkate yenyewe na kujua umeiva. Fundi wake alikuja kutuonyesha, kijana mpole mwenye kompyuta iliyojaa vumbi la unga mpaka leo. Nikuambie ukweli, mimi nimeipenda. Nililala nikiwaza kwamba siku moja mtoto asiyezaliwa bado atakula mkate uliopimwa na mashine iliyofundishwa na baba yangu, na ni kitu gani kizuri kama hicho? Bosi alimpiga baba begani: "Wewe ndiye mwalimu wake, Sikio! Ukistaafu, sikio lako linabaki hapa!"

Fundi akaeleza kwamba wiki nzima baba atakaa chumba cha tanuri peke yake, mashine inasikiliza, yeye anasikiliza, mkate ukiiva anabonyeza kitufe cha kijani. "Ila kimya kabisa, mzee," akasema. "Mashine inajifunza kila inachosikia. Mtu akikohoa, itadhani kikohozi ni sehemu ya mkate."

Dada mfungashaji akaniangalia na kuziba mdomo kwa kicheko. Baba akasema, "Sawa." Lakini asubuhi ile alishika kikombe chake mpaka chai ikapoa, hakuinywa.

Fundi anaanza kazi Jumatatu ya wiki ya pili kuanzia leo. Mshauri, nimwambie bosi kwa siri? Nimwandikie fundi? Nijilaze mgonjwa kazi iahirishwe? Nikimwambia baba kwamba najua, nitamvua jina alilovaa miaka yote. Nisipomwambia, atakaa pale peke yake anabonyeza kitufe kwa kubahatisha, na siku mashine itakapokataa kumwelewa, ataaibika mbele ya watu aliowafundisha kazi. Na kuna jambo jingine naona haya kuliandika. Kuna kipande cha moyo wangu kilifurahi kwamba ananihitaji. Naogopa ukweli ukitoka, kigoda changu kitaondolewa, na mimi sijawahi kushukuru kitu maishani kama ninavyokishukuru kigoda kile.

Nisaidie.

Binti wa Mwoka Mikate

—

Binti wa Mwoka Mikate,

Barua yako nimeisoma nikiwa mezani na chai, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimeuweka mkate sikioni. Haukuniambia kitu. Ulikuwa wa jana.

Nimekurusha mbele ya foleni, maana kesho ni Jumapili na keshokutwa ndiyo Jumatatu yako. Kwa hiyo nisikilize vizuri, na nikikugombeza usilie, gombezo langu halina miba.

Kwanza, umekosea, na unajua. Miezi minane baba yako anapungukiwa na sikio, na wewe ulichomfanyia ni kumzibia lile tundu ili mtu yeyote asilione, hata daktari. Wazee walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo hakipo, tushukuru, lakini kuumbuka kupo mlangoni kunavua viatu. Kuna masikio yaliyozibwa na nta tu, yanasafishwa mtu akarudi nyumbani anasikia mpaka mbu wa jirani. Kuna yanayohitaji kifaa kidogo. Kuna ambayo ile sauti nyembamba hairudi tena. La baba yako ni lipi? Hujui, mimi sijui, naye hajui, kwa sababu binti yake ana adabu nyingi mno.

Pili, umesema unaogopa kumwambia kwamba unajua. Ewe mtoto! Rudi uisome barua yako mwenyewe, uisome kama ya mtu mwingine. Kila alfajiri mwanawe anakohoa kando yake. Mama mzazi anahangaika na tangawizi, mfungashaji anatania, na baba aliyekuwekea kigoda, anayekukatia kichwa cha mkate wa kwanza, hata siku moja hakukuuliza, "Mwanangu, kifua vipi?" Ulidhani hana habari na wewe? Kisha ukaugua kweli, akafungua tanuri kwa kikohozi chako, si kwa mkate, kwa sababu mkate ulikuwa bado unga. Akabeba kosa mbele ya bosi bila kukutaja. Na jioni ileile ikaja dawa. Miezi minane ya kukohoa, chupa moja tu, na imekuja siku ambayo kikohozi kilikuwa cha ugonjwa.

Baba yako anajua, binti. Anajua tangu asubuhi ile ya kwanza alipofumbua macho akakutazama kabla ya kutoa trei. Amejitia hamnazo kama wewe ulivyojitia hamnazo, mmekaa vigoda viwili mkifichana mnachokijua nyote, kila mmoja akimlinda mwenzake. Nimecheka, halafu nikaweka miwani pembeni nikafuta macho.

Nikuongezee jingine. Kigoda hicho kiliwekwa kabla hujakohoa hata mara moja. Alikutaka ukae pale kabla hajakuhitaji, au pengine alikwisha kuhitaji masikio mapya akachagua ya msichana anayejua kunyamaza, maana watu wanaonyamaza ndio wanaosikia. Kwa vyovyote, nani atakiondoa? Hicho kipande cha moyo wako kilichofurahi usikionee haya. Kuhitajika na mzazi ni neema. Kosa ni kutaka aendelee kupungukiwa ili wewe uendelee kufaa, na hilo wewe hulitaki, ndiyo maana umeshika kalamu.

Sasa fanya hivi. Kwa bosi usiende. Kwa fundi usiende. Ugonjwa wa kujilaza achana nao, umekwisha kukohoa vya kutosha. Kesho, mkupuo wa kwanza ukitoka, nyamazeni dakika zenu kumi kama kawaida, msiziguse, hizo ni mali yenu. Akishakupa kipande chako, kabla hujaumega, mwambie, "Baba, mkate huu nimeusikia ukiimba. Wewe umeusikia?" Maneno hayo tu. Usitafute mengine mazuri zaidi. Kisha mwache ajibu, hata akikaa muda mrefu. Wewe na kimya si mmezoeana?

Bosi ataambiwa na baba yako mwenyewe, kwa kinywa chake, wewe ukiwa umesimama karibu. Na ombi lenu kwa fundi liwe moja: mashine ifundishwe na walimu wawili. Baba yako hajapoteza ufundi. Ukiacha ule uimbaji, kuna harufu, kuna uzito mkononi, kuna kile kifundo cha kidole kinachogonga chini ya mkate na kupata jibu ndani ya mfupa. Hayo anayo yote, na fundi ana bahati kuyapata. Masikio utaleta wewe. Chumba kikitakiwa kimya, mikono haipigi kelele: mguse begani, yeye abonyeze. Na jina la Sikio halikuota kwenye tundu la sikio lake. Watu walimpa kwa sababu anausubiri mkate kwa heshima, bila kuuharakisha, na hilo amekurithisha.

Wiki hiyohiyo mpeleke kliniki ya masikio. Nenda naye, ingia naye, kaa naye. Akisema ana kazi, mwambie mimi nimesema. Akiuliza mimi ni nani, mwambie ni mtu wa ukurasa mnaofutia vioo.

Jambo la mwisho, maana nakujua wewe na wenzako wenye ndimi nzito. Hivi sasa unawaza kuacha gazeti hili mezani, limefunuliwa hapahapa, ili limsemee. Thubutu! Lifutie kioo. Una baba aliyekaa kimya miezi minane ili asikuaibishe kwa wema wako. Si haba kumlipa kwa sentensi moja ya sauti yako.

Na Jumatatu na siku zote zitakazofuata, chumba kikiwa na kelele za kawaida na mkate ukiiva, usikohoe. Sema.