Neno Ulilovuka Nalo Ruvuma

Baba, shikamoo. Nimeisema kwa sauti hapa uani, halafu nikasubiri kama mjinga.

Arobaini yako imepita. Temeke ni ile ile, mchanga na jua, ila kibanda chako cha useremala kiko kimya. Nikisinzia mchana nakuota unapiga randa, na maranda yanamwagika hayaishi, yananifika magotini. Naamka nayatafuta.

Kuna jambo nilikuficha. Unakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Humu mwangu sitaki neno la Mreno hata moja"? Sisi tulishapata Uhuru, kwenu Msumbiji Mreno bado yupo. Basi siku moja shuleni mwalimu wa Kiswahili akatuambia kwamba meza ni neno la Wareno, nao walilirithi kwa Kilatini cha Warumi wa kale. Nilishtuka! Wewe, fundi wa meza, ukilitaja tangu asubuhi mpaka jioni. Nikawa nashindwa kukutazama. Nikaiacha meza uliyonitengenezea ya kusomea, nikahamia mkekani, nikasingizia joto. Ukasema tu, "Haya, mwanangu." Ulidhani naionea haya kazi yako. Niliona kabisa, Baba, na nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma.

Juzi nikamwambia Mama. Akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike.

"Baba yako alijua siku nyingi! Kule alikuwa anasimama nyuma ya meza ya bwana wake Mreno mpaka sahani ya mwisho iondolewe. Kukaa, marufuku. Tumevuka mto Ruvuma, tumefika huku, anasikia neno lile lile, na watu weusi wamekaa mezani wenyewe wanaandika barua. Akasema, hili si lao tena."

Mbona hukuniambia? Na mimi, mbona sikukuuliza?

Siku hizi nalifikiria neno hilo likitembea polepole, Warumi wakila juu yake, Mreno akila juu yake, mpaka likafika kwetu, tunaokula mkekani, likawa mahali pa daftari. Labda nawe ulikuwa ukiliwaza hivyo, kimya kimya, huku unapiga randa.

Nisamehe, Baba. Meza nimeirudia, pale dirishani. Mama ameanza kisomo cha watu wazima. Jana alikaa hapo, akakamata penseli kwa ngumi, akaandika jina lako. Limepinda, na herufi moja ameiruka.

Pumzika. Naahidi kukaa naye hapo kila jioni, mpaka aweze kukuandikia mwenyewe.