Okestra ya Mjukuu Wangu Inafuata Fimbo Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kabla ya msaada nina ugomvi na wewe. Wiki iliyopita ulimwambia yule mama mkwe "ajitafakari". Huo ni ushauri gani? Mtu mzima mwambie amekosea wapi, anune siku mbili, yaishe. Kwangu usiniletee maneno laini. Nina miaka sabini na minane, niliacha shule darasa la tatu, barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na yeyote hapo ofisini atakayecheka mwandiko nitamfuata.

Mjukuu wangu, niliyemlea tangu ananyonya kidole, ndiye mwongozaji wa okestra ya mtaa wetu, siyo bendi ya harusini, okestra, watu arobaini na wawili, violini kushoto, mabesi makubwa kama kabati kulia, na wote wana kazi zao nyingine, anayepuliza tuba ni mwokaji mikate, wa selo, ile violini kubwa ya kubana magotini, ni nesi, na mama anayeongoza violini, wanamwita Sindano kwa jinsi anavyochoma akiongea, ni fundi cherehani. Mazoezi ni kila Jumamosi mchana, juu ya duka la magodoro, na mimi nakaa kiti cha mbele, maana nani mwingine akae?

Sasa mimi nilikuwa msimamizi wa kufulia hospitalini miaka ishirini na sita, wanawake kumi na sita tukikunja mashuka, na mimi ndiye niliyegonga meza, ko, ko, ko, ili wakunje kwa pamoja. Mkono wangu haujui kutulia. Jumamosi moja nikaona wale wa nyuma wanachelewa, ngoma huku, tarumbeta kule, na mjukuu wangu anapunga kijiti chake kama anayefukuza nzi, nikagonga fimbo yangu ya kutembelea sakafuni, kidogo tu, wakakaa sawa. Jumamosi ya pili nikagonga tena, na safari hii si kidogo. Ya tatu mwokaji mikate akaniambia, "Bibi, bila wewe tungezama," nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Najua."

Balaa ni Jumamosi iliyopita. Karibu na mwisho wa muziki kuna mahali vyombo vyote vinapanda, vinapanda, halafu kimya. Mjukuu wangu akainua mkono, akauacha juu, haushuki, kimya, haushuki, na mimi nikajua mtoto amesahau, nikamwokoa, ko! Wakaingia wote kwa fimbo yangu, yeye mkono bado uko hewani kama anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Kumbe kile kimya alikitaka, eti kimeandikwa kwenye karatasi. Kimya kinaandikwa!

Akauliza, "Jamani, nani kawaambia muingie?"

Sindano akamjibu bila hata kushusha violini, "Bibi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote. Yeye hakucheka. Akalaza kijiti taratibu, akasema, "Basi awaongoze Bibi," akashuka ngazi. Ameshaiambia kamati itafute mwongozaji mwingine, na onyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nikimpigia simu ananijibu, "Shikamoo Bibi, niko kazini," siku ya Jumapili!

Swali langu: nifanyeje arudi kwenye okestra yake bila mimi kumwomba radhi? Huyo nimemwogesha, nimemfuta makamasi, na sijawahi kumwomba radhi mtu niliyemfuta makamasi. Tena nilikuwa nasaidia. Lakini ile sura aliyotoka nayo, mshauri, tangu siku hiyo chakula hakinipiti.

Ni mimi, Bibi wa Kiti cha Mbele.

MSHAURI ANAJIBU

Bibi, shikamoo. Maneno laini hutaki, basi kaa vizuri.

Umekosea. Ile Jumamosi ya kwanza nakusamehe, mkono una mazoea yake. Lakini ya pili ulikwenda unajua unachokwenda kufanya. Na usiniambie ulikuwa unamsaidia. Uliwasaidia wapigaji wasimtazame. Kusikia fimbo ni rahisi kuliko kuinua macho kutoka kwenye karatasi, kwa hiyo wakaacha kuyainua, na wewe ukajiona shujaa.

Shuka likikunjwa, limekunjwa, hata kama aliyelikunja alikuwa anawaza mengine. Mjukuu wako ana kazi tofauti. Siku ile aliwashika watu arobaini na wawili kwa mkono mmoja, hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeburuza kiti, wote wanamsubiri yeye. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, Bibi, na alikuwa ameiweza. Mtu pekee ambaye hakuamini ni wewe uliyemlea.

Najua hukucheka kwa ubaya. Ulicheka kwa raha ya kupendwa na ukumbi mzima. Ila ukumbi ule ulikuwa wa kwake.

Na wewe Sindano, ukiisoma hii: mwongozaji amesimama hatua mbili mbele yako. Macho ulikuwa umeyapeleka wapi?

Unataka arudi bila kuombwa radhi? Haiwezekani, usinipotezee muda. Kumwogesha utotoni hakukupi ruhusa ya kumwaibisha akiwa na ndevu. Wala usimtume shangazi yake akakusemee, wala usimpelekee chakula ukadhani sufuria itaongea badala yako. Atakula, atashukuru, na kwenye okestra hatarudi, kwa sababu aliaibishwa mbele ya watu, hakuaibishwa jikoni.

Kwa hiyo leo hii, nenda kwake mwenyewe, kwa miguu yako. Mwambie, "Nilidhani umesahau. Nimekosa." Usiongeze "lakini". Najua ulimi utakuwasha, ung'ate. Kisha muulize kama atakubali usimame Jumamosi hii mazoezini uyarudie maneno hayo mbele ya wote, mwokaji mikate na nesi wakisikia. Akikubali, yaseme kwa sauti, halafu uhamie kiti cha nyuma kabisa na mikono uikalie. Akikataa, muage vizuri, na kesho yake urudi kumuuliza tena.

Weka gazeti chini sasa, Bibi. Nenda.